Sufuri Kumi na Sita

Sehemu ya tisa

Simu ilikatika, mnakumbuka. Placide, mlinzi wa zamu katika nyumba moja kubwa kule juu Observatory, alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Dada Jelimo, huku kwetu mvua…" nasi tukawaacha mkining'inia wiki nzima. Poleni. Leo tunaanzia hapo hapo, tena mbio, maana, kama mtakavyoona, muda wenyewe ni haba.

Jelimo aliipiga namba ile tena. Ikaita, ikaita, ikaita.

"Pokea, Placide. Aki pokea."

Alikuwa peke yake katika maabara ya chuo kikuu, Jumapili, saa nane na dakika tano mchana. Ukutani mbele yake kulikuwa na skrini kubwa yenye ramani ya mashariki ya Johannesburg. Juu ya ramani, vituo kumi na sita vya kupimia mvua, kila kimoja na namba yake. Namba zote zilikuwa sufuri. Ramani nzima ilikuwa kijani, na kijani maana yake hakuna mvua, nenda kale chakula cha mchana.

Simu ikapokelewa.

"Dada! Réseau ilikatika. Mvua iko nanyesha mubaya! Mawe, dada, makubwa kama mayai! Ile chupa yetu ya kupimia imepasuka. Maji iko nashuka na barabara, imebeba mapipa ya taka mpaka chini!"

"Tangu saa ngapi?"

"Robo saa. Mi nilikimbia kufunga geti kwanza, boss asinipigie kelele."

"Na wenzako? Majirani zako wote wako na chupa za kupima. Mbona hakuna hata mmoja ametuma?"

Placide alijibu kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hata mtoto anakijua.

"Dada, leo ni ubatizo. Bote beko kule mtoni. Mi tu ndiye niko zamu."

Jelimo aliitazama ramani upya, sufuri moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza akaogopa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sasa, wewe uliyeazima gazeti la jirani na kuanza kusoma leo, sogea nikueleze upesi, wengine watusubiri. Lois Jelimo ni Mkenya, mtafiti. Kazi yake ni kutabiri mafuriko ya ule mto unaopita chini ya kilima cha Observatory. Siku nyingi mto wenyewe ni kijito cha kufika magotini. Ila kilima kikipigwa na mvua ya ghafla, lami yote inamwaga maji huko chini kwa pamoja, na kijito kinageuka muuaji. Mitambo ya kupimia waliyofunga mwanzoni iling'olewa betri ndani ya wiki mbili. Ndipo Jelimo akaamua kutumia watu. Chupa ya plastiki uani, simu mkononi, mvua ikinyesha unasoma na kutuma.

Mama Victorine, Mkongomani mwenye saluni, ndiye aliyemtafutia watu hao, wote kumi na sita, kwa alasiri moja. Watu waaminifu, hawakosi kutuma. Aliwatoa wote sehemu moja tu: kanisani kwake.

Na kuna jambo la pili, dogo, la aibu. Jelimo hakutaka watu wa watu wamalize bando kutuma habari za jua. Kwa hiyo aliiagiza kompyuta hivi: asiyetuma, mhesabie sufuri.

Leo kanisa lote liko mtoni, na kompyuta imewahesabia sufuri.

Angekuwa anawahofia hao kumi na tano walioko mtoni tu, ingetosha. Lakini katikati ya mto ule, ndani ya kanzu nyeupe, alikuwapo Emery, fundi cherehani wa Jeppestown, mwanamume aliyemwahidi kumuoa mwezi ujao. Mama yake Emery, Mama Célestine, alishasema hakuna pete kabla ya maji. Alhamisi Jelimo alimwomba Emery asubiri msimu wa mvua upite. Wakagombana. Habari zilimfikia mama zikiwa zimeongezwa chumvi: yule Mkenya hataki mtoto wako abatizwe.

Jelimo alipiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Maji hutoka juu ya kilima hadi kwenye kona ya ubatizo kwa dakika arobaini. Aliwahi kuyapima mwenyewe, mara sita. Kumi na tano zimeshakwenda. Zimebaki ishirini na tano.

"Saa nane na nusu," alisema kwa sauti.

"Saa nane na nusu kuna nini?"

Aligeuka. Mlangoni alisimama Profesa Bakiri, mkuu wa mradi, mtu wa Tanga, na kikombe cha chai mkononi. Alikuja kupanga viti. Kesho wafadhili wanakuja kuangalia kama mradi unastahili kuishi.

"Prof, tuma tahadhari. Saa hii. Mto unajaa."

Bakiri aliitazama skrini. Akalitazama dirisha. Nje, Braamfontein, jua lilikuwa linawaka mpaka linakera.

"Jelimo, ramani ni kijani."

"Ramani inadanganya. Placide amenipigia kutoka Observatory, kuna mvua ya mawe."

"Mtu mmoja, kwa simu. Kituo chake mwenyewe kinasema sufuri."

"Chupa yake imepasuka!"

"Nawe mwezi jana uliniambia nini?" Bakiri aliweka kikombe mezani taratibu. "Uliniambia Jeppestown inazama. Tukatuma. Watu mia tatu wakafunga vibanda, wakakimbia, vibaka wakaingia wakabeba mali. Tone halikuanguka. Mpaka leo sokoni wanakuita Mama Gharika. Ndiyo sababu ya kukunyang'anya ule ufunguo wa kutuma, bibie, wala sikufurahi kuufanya uamuzi huo. Tukikosea tena leo, kesho hakuna mradi. Na mradi ukifa, mvua ijayo hakuna wa kumwonya mtu yeyote."

Hakuwa mtu mbaya, Bakiri. Ndilo lililomuuma Jelimo zaidi, maana angekuwa mbaya angemtukana akaokoa dakika.

"Watu wako ndani ya maji, Prof."

"Niletee kipimo kimoja. Kimoja tu kilichoandikwa."

Jelimo alichukua funguo za gari na kutoka.

Akiwa kwenye ngazi alimpigia Emery. Ikapokelewa mara ya kwanza tu, na moyo ukamruka kwa furaha.

"Emery! Toka kwenye maji!"

"Huyu si Emery."

Ilikuwa sauti ya Mama Célestine. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia na watu wanaimba. Jelimo akakumbuka: kanisani kwao, kabla ya maombi, simu zote huwekwa kwenye kapu. Na leo mlinzi wa kapu ni mama mkwe.

"Shikamoo Mama. Mama, nisikilize tafadhali, mafuriko yanakuja. Waambie watoke wote."

"Ah bon. Mafuriko." Mama Célestine alicheka kwa pua. "Kama ile ya sokoni? Ile siku nilikimbia, nikaacha kibanda, vitenge yangu yote wakabeba. Tone moja sikuona."

"Mama, ile nilikosea. Hii ni ya kweli."

"Angalia juu, mademoiselle. Uko naona nini? Jua. Mungu ametupa jua. Wewe ulimukataza mutoto yangu siku ya Alhamisi, akakataa kukusikia. Sasa unatuma ordinateur yako, ile kompyuta, imutoe kwa maji ya Bwana? Uache abatizwe. Ukitaka kumuona, uko naweza kuja kusimama na sisi, utapewa kiti."

"Mama…"

Simu ikazimwa. Jelimo alipiga tena, ikamwambia mteja hapatikani.

Corolla yake kuukuu ilitoka getini kwa mlio uliomshtua bawabu. Saa nane na dakika kumi na moja. Barabara ingekuwa nyeupe, angefika kwa dakika kumi.

Barabara haikuwa nyeupe. Jeppestown umeme ulikuwa umekatika, robot zote, taa za kuongozea magari, zimekufa, magari kutoka pande nne yamekutana katikati kila mmoja akidai haki yake. Dereva wa teksi alishusha kioo. "Eish, dada, uende wapi? Tulia!"

Jelimo alipandisha gari ukingoni mwa barabara, akapita kando ya mabati ya gereji, kioo cha pembeni kikabaki huko. Hakugeuka kukiangalia.

Ndipo mbele yake, juu ya paa za viwanda, akaliona wingu. Lilikuwa limekaa juu ya kilima cha Observatory peke yake, jeusi tii, na chini yake hapaonekani kitu. Mita chache pembeni, jua. Kule mtoni wangelionaje, na kilima kinawaziba?

Akampigia Bakiri, akaweka simu kwenye kiti.

"Prof, uko mbele ya skrini?"

"Niko."

"Usisome namba. Bonyeza juu ya kituo chochote. Niambie usomaji wa mwisho uliingia saa ngapi."

"Jelimo, mimi si…"

"Prof, nakuomba."

Ukasikika mlio wa kipanya.

"Kituo cha tatu. Saa moja asubuhi."

"Kingine."

"Cha saba. Saa moja na dakika tano asubuhi. Cha tisa…" Sauti ilianza kupungua. "Saa moja. Cha kumi na mbili, saa moja asubuhi. Jelimo, hawa hawajatuma kitu tangu asubuhi."

"Walituma kipimo cha usiku kabla ya kwenda ibadani. Wako kwenye ubatizo, wote. Hakuna mtu hata mmoja anayepima mvua leo."

"Kwa hiyo hizi sufuri…"

"Ni za kompyuta. Asiyetuma anahesabiwa sufuri. Hatukufikiria siku ambayo hawatatuma wote."

"Nani aliandika amri hiyo?"

"Mimi."

Alingoja atukanwe. Akasikia Bakiri akivuta kiti na kukaa kwa kishindo.

"Na mimi niliisoma nikaisaini," alisema. "Miaka miwili iliyopita. Nikakusifu."

"Prof, ufunguo."

"Naingiza. Subiri. Lakini wataipataje? Umesema simu ziko kwenye kapu."

"Za wapimaji zinalia hata zikiwa zimenyamazishwa. Nilizifanya hivyo kwa ajili ya usiku. Ila zile zilizozimwa kabisa…" Hakumaliza. Alikuwa anaiwazia simu ya Emery.

"Haya," alisema Bakiri. "Imekwenda. Mola atusitiri."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na mbili.

Dakika mbili baadaye Jelimo aliliacha gari mlango wazi, akashuka ukingoni akikimbia, akaanguka, akainuka na tope magotini.

Kwanza aliona kanzu nyeupe. Watu kama thelathini ndani ya maji ya kufika mapajani, mchungaji katikati yao, na ukingoni wanakwaya na ngoma. Halafu akamwona Mama Célestine.

Katikati ya mto pale kuna kisiwa kidogo cha mawe na mchanga, si kikubwa kuliko sebule ya kupanga. Ubatizo uliopita wezi walipita ukingoni watu wakiwa wamefumba macho, wakaondoka na simu tisa. Safari hii Mama Célestine akasema hapana, kapu litakaa mahali ambapo mwizi lazima alowe. Akavushiwa kiti cha plastiki, akaketi kisiwani, kapu mapajani, amejifunga kitenge cha njano, malkia kabisa.

Na kapu lilikuwa linapiga kelele.

Simu kumi na tano zililia ving'ora kwa pamoja. Mpiga ngoma aliachia mikono. Mchungaji alisimama amemshika mzee mmoja kisogo, hajui amzamishe au amwinue. Watu wote wakamtazama Mama Célestine, naye alikuwa analitazama kapu kana kwamba limezaa nyoka.

"Tokeni!" Jelimo alipaza sauti mpaka koo likachubuka. "Maji yanakuja! Tokeni wote!"

Mama Victorine ndiye aliyeelewa kwanza. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake maana ya mlio ule.

"Ni ya mvua!" alipiga yowe. "Jamani, ile ni ya mvua! Bana toka! Bote, haraka!"

Wakaanza kutoka, wakivutana, wakianguka, kanzu zimenata miilini. Wakati huo huo maji yakabadilika. Yalikuwa ya kijivu, yakawa kahawia. Chupa tupu zikapita, halafu pipa la taka, halafu geti zima la mbao. Mapaja yakawa kiuno.

Mwanamume mmoja alibaki nyuma akiwasukuma wanawake wawili mbele yake. Jelimo aliingia maji ya magoti, akamshika kanzu kifuani, akamvuta kwa nguvu ambazo hakujua anazo.

"Wewe," alisema Emery akihema.

"Mimi."

"Nilikuita muoga siku ile."

"Utaomba msamaha baadaye." Alikuwa analia, tena hadharani, mbele ya kanisa zima la mama mkwe. Hakuiachia kanzu.

Mama Victorine alikuwa ameshaanza kuhesabu vichwa. "Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na mmoja. Bote beko! Merci Seigneur, bote beko!"

Watu wakashangilia. Mchungaji akapiga magoti. Nawe msomaji unataka kupumua, nakuona, ila Victorine alihesabu waliobatizwa tu.

Simu ya Jelimo iliita. Bakiri.

"Uko wapi? Wametoka?"

"Wametoka. Maji yamepanda, lakini wametoka, Prof!"

"Jelimo, hayo siyo yenyewe. Hayo ni ya mitaa ya chini. Nimefungua kamera ya magari ya pale daraja la juu. Ya kilima ndiyo yanapita hapo sasa hivi, mita mbili na nusu. Yatakufikieni baada ya dakika nne. Ondoa watu ukingoni."

Jelimo aligeuza macho.

Mama Célestine hakuwa ametoka. Kapu lilikuwa limepinduka aliposhtuliwa na ving'ora, simu zikamwagika mchangani, na yeye aliinama kuziokota, moja moja, kwa sababu ni za watu na aliaminiwa. Alipoinua kichwa, kijia alichovukia hakikuwapo. Kati yake na ukingo yalikuwa maji yanayokimbia yakivuta miti. Kiti cha plastiki kiliinuka chenyewe, kikaondoka.

"Maman!" Emery aliita. Mngurumo ulimeza sauti yake.

Mama Célestine aliona mdomo wa mwanawe ukifunguka, hakusikia neno. Akapekua kapu. Akatoa simu moja, akaibonyeza kwa muda mrefu, akasubiri iwake, maji yakimfika kwenye vifundo. Akaiweka sikioni.

Simu ya Jelimo iliita. Jina kwenye kioo lilikuwa Emery.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Mama Célestine.

Hakuwahi kumwita hivyo. Miaka mitatu, hata siku ya barua ya posa.

"Nipo, Mama."

"Uko na haki ya kunitukana. Utanitukana kesho. Sasa uniambie nifanye nini."

Jelimo alifuta macho kwa bega. Nyuma ya mama palikuwa na nguzo ya zege yenye mistari myekundu, ya kusomea kina cha maji. Yeye mwenyewe aliisimamisha mwaka jana.

"Mama, nyuma yako kuna nguzo. Tupa kapu."

"Ni simu za watu."

"Tupa kapu, Mama! Vua kitenge, jifunge nacho kwenye nguzo chini ya makwapa, kilegee kidogo kipande nawe. Mafundo mawili. Kisha panda vile vyuma vya pembeni mpaka juu kabisa, shikilia, usiachie hata ukigongwa na kitu."

Kapu likaanguka. Kitenge cha njano kikazunguka nguzo mara moja, mara mbili. Mama Célestine alipanda kama alivyoambiwa, chuma kwa chuma, mpaka akaukumbatia mstari wa juu kabisa.

Mstari ule ulikuwa wa mita mbili. Jelimo aliupaka rangi kwa mkono wake, anaujua. Hakumwambia Mama alichosema Bakiri kuhusu ile nusu mita iliyozidi.

"Nimefika juu," alisema Mama Célestine kwa kuhema. "Sasa sikia. Emery iko naniangalia. Miye namujua mutoto yangu, atakuja huku. Umushike, mwanangu. Hata akikupiga, umushike. Usimuache akuje."

"Nimemshika, Mama. Ninaye hapa."

Alikuwa ameishikilia kanzu muda wote, kwa ngumi, tangu alipomtoa majini. Aligeuka kumtazama usoni.

Mkononi mwake kulikuwa na kanzu nyeupe iliyolowa, na ndani yake hamkuwa na mtu.